Nanga ya Wahaya na Suala la Kuihifadhi

Nanga tunayoizungumza hapa siyo ile ya kutilia chombo, bali ni ala ya Wahaya wa Bukoba na Muleba: mti uliochongwa mfano wa hori, nao juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu, ukaenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji wake huipiga huku akighani habari za mashujaa, kama Rukiza na Kachwenyanja. Zamani baraza za wafalme zilimlea. Lakini utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mlezi huyo hayupo tena.

Kazi ya kuzihifadhi tungo hizi ilianza kabla ya hapo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa muziki wa Wahaya, nanga ikiwamo. Lakini santuri nyingi za zama zile zilichukua dakika tatu au nne tu kwa kila upande, na utendi hauingii humo ila kwa kukatwa. Baadaye M. M. Mulokozi alinasa na kuziandika tendi kwa urefu wake, akatoa makala mwaka 1983 na tasnifu mwaka 1986. Faida yake si ndogo: Ruth Finnegan alikuwa ametilia shaka, mwaka 1970, kuwapo kwa tendi katika Afrika, na wapiga nanga wakawa sehemu ya jibu.

Hata hivyo, yatupasa tuulize: ni kitu gani hasa kilichohifadhiwa? Mpiga nanga hakariri neno kwa neno. Hutunga papo hapo, akarefusha au kufupisha kwa kadiri ya wasikilizaji wake. Ukurasa huyashika maneno, ukaziacha nyuzi zinazoijibu sauti. Utepe huishika sauti, lakini ni ya siku moja tu. Asomaye chapa moja akaiita utendi wenyewe ni kama mtu aliyechota maji ya Ziwa Nyanza kwa kata, akadai kuwa amelichukua ziwa.

Basi, kwa maoni yangu, kila utendi na unaswe kwa waimbaji mbalimbali, na kwa mwimbaji yule yule zaidi ya mara moja; jina lake, mahali na tarehe viandikwe; Kihaya kichapishwe kando ya tafsiri; na nakala zirudishwe Bukoba na Muleba, ili vijana wa huko wazisikie, na baadhi yao wajifunze kuipiga nanga wenyewe. Pasipo hao, tutakuwa tumehifadhi sauti za wafu tu.