Upepo Dhidi ya Upepo: Uhakiki wa Umbo la Kiondoahewa cha Flettner

Ukiitazama kutoka juu, roto ya kiondoahewa cha Flettner ni herufi S. Maganda mawili, kila moja likiwa nusu ya mcheduara uliopasuliwa kwa urefu wake, yameelekezwa pande zinazopingana, kisha yakasogezwa kidogo ili ukingo wa ndani wa moja uupite ukingo wa ndani wa mwenzake. Juu yake limelazwa bapa la duara, chini yake bapa la pili. Na chini ya bapa hilo la pili, juu ya tundu lililokatwa kwenye paa la behewa, yamepangwa mapanga mafupi ya feni. Mhimili ni mmoja tu, wima, umekaa kwenye beringi. Hakuna mota, hakuna waya, hakuna gia, wala mkia wa kuielekeza roto kwenye upepo. Treni inapokwenda, hewa inayopita juu ya paa huizungusha S, S huyazungusha mapanga, nayo mapanga huivuta hewa nzito iliyomo ndani na kuitupa nje kupitia mwanya unaokizunguka chombo. Maelezo ya utendaji wake yanaishia hapo, na ufupi huo ndio sifa ya kwanza ya kifani inayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa matatizo ambayo mbunifu mwingine angeyapa kila moja kipuri chake, hapa yote yamejibiwa na mkunjo mmoja wa bati.

Tatizo lenyewe lilikuwa kongwe kuliko chombo. Behewa la abiria la karne ya 19 lilikuwa chumba kinachojichafua: watu wamebanana, taa za mafuta au za gesi zinateketeza hewa ileile wanayoivuta, na jiko la makaa linawaka penye baridi. Hewa anayoitoa mtu kifuani ina takriban sehemu 4 kwa 100 za hewa ya ukaa, ilhali Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa afya wa München, alikuwa amependekeza mwaka 1858 kwamba chumba kihesabiwe kuwa na hewa mbovu hewa hiyo ya ukaa ikizidi sehemu 1 kwa 1,000. Dawa iliyo wazi, yaani kufungua dirisha, ilikuja na maradhi yake, kwa sababu injini ya mvuke ilikuwa mbele ikitema masizi na vijinga vya moto, na abiria alilazimika kuchagua kati ya kuvuta pumzi za wenzake na kuvuta moshi. Ndiyo maana swali la kisanii la behewa lilikuwa gumu zaidi kuliko la nyumba: namna ya kuitoa hewa bila kuufungulia mlango ule uchafu uliopo nje.

Wamarekani walijibu kwa usanifu. Waliinua sehemu ya kati ya paa, wakaizungushia vidirisha vifupi pande zote mbili kwa urefu wote wa behewa, na mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman yakalifanya paa hilo kuwa alama ya fahari. Ni jibu zuri kwa macho, kwa sababu huleta hewa na mwanga kwa pamoja. Lakini kama hoja ya kiufundi linavuja, maana vidirisha vinahitaji mtumishi wa kuvifungua na kuvifunga, na tundu lililo wazi halijui tofauti kati ya kutoa na kuingiza. Waingereza walielekea kwenye ufupisho. Juu ya paa la mviringo walipachika vyombo vidogo vilivyochongoka pande zote mbili, visivyo na kipuri hata kimoja kinachosogea: upepo unapoupita mwili wake, shinikizo hupungua kwenye midomo yake, na hewa ya ndani hupanda kuifuata nafasi hiyo. Ninakiheshimu chombo hicho. Kina uchache wa maneno ambao mafundi wengi hawaufikii. Hata hivyo kinaomba kuliko kinavyoamuru: mvuto wake ni tofauti ndogo ya shinikizo, na tofauti hiyo ikizidiwa na upepo wa ndani ya njia ya chini ya ardhi au na dirisha lililofunguliwa vibaya, chombo hakina cha kuongeza.

Hapa ndipo S inapoingia, nayo inaingia kwa njia ya kuzunguka inayofaa kusimuliwa kwa sababu imeacha alama kwenye umbo lenyewe. Mwaka 1924 mhandisi Mjerumani Anton Flettner aliigeuza merikebu *Buckau* kwa kuing'oa milingoti na tanga zake, na mahali pake akasimamisha minara miwili ya mcheduara iliyozungushwa kwa mota. Minara ikizunguka katikati ya upepo, ilisukumwa kwa pembeni kwa ile nguvu aliyoieleza Heinrich Gustav Magnus mwaka 1852, na merikebu ikaenda. Mwaka 1926, ikiwa na jina jipya la *Baden-Baden*, ilivuka Atlantiki hadi New York. Mfini Sigurd Savonius aliitazama minara hiyo na kuona kasoro moja ya kimantiki: mnara unaotumia upepo unahitaji injini ya kuuzungusha. Akaupasua mcheduara wa Flettner kutoka juu hadi chini, akaisogeza nusu moja pembeni ya nyingine, na mnara ukaanza kujizungusha wenyewe. Flettner naye akalipokea umbo hilo kutoka kwa aliyelikata, akalifupisha, akalifunga feni chini yake, na kuliweka juu ya paa. Kiondoahewa chake, basi, ni matini ya majibizano. Ndani ya S fupi tunayoiona juu ya paa umo bado mcheduara wa merikebu, ukiwa umepasuliwa na msomaji wake wa kwanza na kutumiwa tena na mwandishi wake wa kwanza.

Turudi kwenye maganda. Upepo unaokuja kutoka upande wowote hukuta daima ganda moja likiwa limeuelekezea tumbo na jingine likiwa limeuelekezea mgongo. Mbonyeo hukinza hewa kwa takriban mara mbili ya mbinuko wa ukubwa uleule. Kwa hiyo ganda la tumbo husukumwa kwenda mbele na la mgongo hulazimishwa kurudi dhidi ya upepo, na mzunguko ni ile tofauti inayobaki baada ya nguvu mbili kugombana. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataitambua haraka kanuni hii ya kupanga. Mshororo wa tarbia hugawanyika kuwa ukwapi na utao, vipande viwili vyenye mizani sawa ambavyo haviendi upande mmoja: ukwapi huibua, utao hupokea na kuurudisha mshororo kwenye kituo chake, na mwendo wa ubeti mzima hutokana na usawa wa urefu uliounganishwa na ukosefu wa usawa wa uzito. Maganda ya S ni sawa kwa kipimo na hayako sawa kwa athari. Yangekuwa sawa kwa yote mawili, roto ingesimama tuli katikati ya tufani.

Ulinganisho huu unatufikisha mahali ambapo umbo hili lina siri yake nzuri kuliko zote, yaani kwenye mwachano mdogo wa katikati. Maganda hayakuunganishwa kwenye mhimili. Yamepishana, na kati ya kingo zake kuna upenyo. Hewa iliyojaa kwenye tumbo la ganda linalokwenda haikwami humo wala haimwagiki nje. Sehemu yake hupita katika upenyo na kuingia kwenye tumbo la ganda linalorudi, ambalo wakati huo limeupa upepo kisogo, na kulisukuma kutoka nyuma ili lisichoke kupambana na upepo wa mbele. Ganda lenye nguvu humsaidia mpinzani wake. Ndiyo kazi ileile ya kina cha kati: kinafunga ukwapi na papo hapo kinauandalia utao njia. Waliolipima umbo hili wamegundua kwamba upenyo ukiwa takriban sehemu moja ya sita hadi robo ya kipenyo cha ganda, roto huzunguka vizuri zaidi. Ukiwa mwembamba mno pumzi haipiti, ukiwa mpana mno hewa hukimbia bila kugusa kitu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba sehemu iliyo muhimu kuliko zote katika chombo hiki cha bati ni mahali pasipo na bati.

Mhandisi wa mitambo ya umeme anaweza kulikataa umbo hili kwa hesabu moja. Albert Betz alionyesha mwaka 1920 kwamba hakuna mtambo wa upepo unaoweza kuchukua zaidi ya sehemu 16 kwa 27 za nguvu ya upepo unaoukabili, yaani takriban asilimia 59. Mapanga marefu ya kisasa hukaribia kikomo hicho, ilhali S kwa kawaida huambulia kati ya asilimia 15 na 20. Nusu yake moja daima inafanya kazi dhidi ya nyingine, na hasara hiyo haiondoleki bila kuliondoa umbo. Lakini uhakiki wa umbo lazima uulize hasara hiyo imenunua nini. Imenunua, kwanza, uhuru kutoka kwa mwelekeo. Behewa halina mbele wala nyuma ya kudumu. Leo linavutwa kwa kichwa chake, kesho kwa mkia wake, na upepo wa pembeni hulipiga kwa pembe yoyote. Panga la kawaida lililolazwa kwenye mwendo wa treni lingebadili mzunguko wake treni ikigeuka, na feni iliyokuwa ikitoa hewa ingeanza kuiingiza, pamoja na masizi yake. S haigeuki. Ukiizungusha nusu duara inakuwa ileile, na mkunjo wake umeamua tangu kiwandani itazunguka upande gani. Upepo utoke mashariki au magharibi, mapanga ya chini huenda upande uleule na kutoa. Uelekeo wa kazi umeandikwa ndani ya umbo, nao upepo umeachiwa kuamua kasi peke yake.

Imenunua pia utulivu. Ukingo wa nje wa S huenda kwa kasi inayokaribiana na kasi ya upepo wenyewe, ilhali ncha za mapanga marefu huukata upepo kwa kasi mara kadhaa ya hiyo na kuvuma. Juu ya kichwa cha mtu aliyelala, tofauti hiyo si ndogo, na beringi nayo huishi muda mrefu zaidi.

Lipo kisha jambo ambalo halionekani kwa jicho, ila kwangu ndilo linaloufanya muungano wa roto na feni uwe zaidi ya vipande viwili kwenye fimbo moja. Nguvu inayovunwa na roto hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi ya upepo: treni ikitoka kilomita 30 kwa saa na kufika 60, nguvu huwa mara nane. Nguvu inayodaiwa na feni nayo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi ya mzunguko wake. Kipato na deni vinapanda ngazi ileile, hatua kwa hatua, kwa hiyo vikipatana katika mwendo wa polepole vitapatana pia katika mwendo wa kasi, bila kidhibiti wala breki. Matokeo yake ni kwamba hewa inayotolewa huongezeka sambamba na mwendo: kasi ikiwa maradufu, hewa nayo ni maradufu. Mbunifu aliyefunga feni moja kwa moja kwenye mhimili wa roto, bila gia kati yake, aliziacha kanuni mbili za maumbile zijisawazishe zenyewe, na kujizuia huko nakuhesabu kuwa ufundi wa hali ya juu.

Udhaifu mkubwa wa kazi hii uko kwenye kituo. Behewa likisimama juani, paa likachemka na abiria wakazidi kuingia, roto hupungua mwendo na hatimaye hukaa, na hapo ndipo inapohitajika zaidi. Hewa ya moto huendelea kupanda yenyewe kupitia tundu, na upepo wa kawaida, utoke utokako, unaweza kuiamsha S. Lakini hata huo hukutana na kasoro ya pili. Zipo pembe ambamo maganda mawili yakisimama, upepo mdogo hauwezi kuyaanzisha, kwa kuwa tumbo na mgongo vimejipanga karibu na mstari wa upepo na tofauti yake imefifia. Wapo waliotibu hili kwa kupachika S mbili, moja juu ya nyingine, zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90, ili moja ikifa ganzi nyingine iwe imejaa upepo. Wengine waliongeza ganda la tatu; tiba hiyo hulainisha mzunguko, ila huuvuruga ule upenyo wa katikati na kupunguza nguvu.

Kipimo kizuri cha umbo lolote ni kulihamishia kwenye maudhui mengine, na reli za Ujerumani zilifanya hivyo. Juu ya mabehewa yao ya mizigo ya barafu, yaliyobeba samaki, nyama na matunda, roto ileile iliwekwa kuzungusha feni ya kuichanganya hewa ya ndani na kuipitisha juu ya barafu, ili ubaridi ufike kila kona ya shehena. Juu ya paa hakuna kilichobadilika: bapa, maganda, upenyo, mhimili. Chini ya paa maana imegeuzwa, kwa kuwa hewa iliyokuwa ikifukuzwa sasa inabakizwa na kuzungushwa. Huko hata udhaifu wa kituo husomeka tofauti. Hewa ya shehena iliyofungwa haichafuki kwa dakika chache kama ya abiria, na barafu huendelea kupoza hata feni ikisimama, ingawa kwa ubaridi usiogawanyika sawasawa. Kwa hiyo ukimya wa roto, ambao kwa msafiri ni kushindwa kwa chombo, kwa sanduku la samaki ni mapumziko linaloweza kuyavumilia hadi injini itakapovuta tena.