Ukishuka mstari, nani anakata sentensi?

Wandugu, leo naisema JavaScript, na siisemi kwa upole.

Mama mdogo anauza unga kule Kalundu. Nilimwandikia programu ya kuhesabu madeni ya wateja. Niliiandika kwenye simu, hapa Songo, ju umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Kioo ni kidogo, hesabu ilikuwa ndefu: magunia mara bei, jumlisha usafiri, toa alicholipa. Basi nikaandika return, nikashuka mstari, hesabu nikaiweka chini yake. Mimi niliona sentensi moja. JavaScript ikaona mbili: ikatia yenyewe nukta na mkato (;) baada ya return, ikarudi mikono mitupu, hesabu ikabaki chini bila kusomwa. Kwenye simu halikutoka onyo lolote. Na mimi nilikuwa nimeiambia, pasipo jibu iandike 0. Mteja mmoja akaona deni lake ni 0, akacheka, akajiendea na gunia lake.

Kosa langu nalikubali. Lakini angalieni Go, ile lugha Google waliitangaza mwaka 2009. Nayo inatia alama ileile mwisho wa mstari. Ukifanya kosa kama langu, inakataa kabisa kutengeneza programu na inakuambia jibu halipo. Ukali ule ndio ninaoutaka. Tena Go inataka alama ya kujumlisha ibaki mwisho wa mstari wa juu, kila mara. JavaScript hapo haina msimamo: ukianza mstari wa chini na + inaunganisha vizuri, ukiacha return peke yake inakata. Mwanafunzi ashike lipi?

Python, kwangu, njo imepata dawa: ukifungua mabano, mstari hauishi mpaka uyafunge, hata ukishuka mara kumi. Mwongozo wake wa uandishi, PEP 8, unapendelea mabano kuliko ule mkwaju wa kinyume (\) mwisho wa mstari, ambao nafasi moja tupu nyuma yake inauharibu. Si malaika pia: return ikibaki peke yake, na hesabu ya chini ikapangwa sawasawa nayo, Python inanyamaza vilevile. Ukiisogeza ndani kidogo, hapo inapiga kelele.

Mabano haya yangeniokoa hata ndani ya JavaScript, yakifunguliwa palepale kando ya return. Sasa nayafungua kwanza, ndipo nashuka. Mama mdogo lakini amerudia daftari lake.