Istilahi ya "Mtandao": Neno Moja kwa Dhana Tatu

Miongoni mwa istilahi za mawasiliano zilizoenea upesi katika lugha yetu, ni chache zilizopokewa kwa moyo mkunjufu kama "mtandao". Asili yake ni kitenzi "tanda", nacho kina picha nzuri: mawingu hutanda, na buibui naye hutanda utando wake. Hatuna ugomvi na uundaji wa neno hili. Lawama yetu ni juu ya matumizi yake, kwani limetwishwa dhana tatu: kampuni ya simu ("unatumia mtandao gani?"), mawimbi ya simu ("hapa hapana mtandao"), na intaneti yenyewe ("fomu ziko mtandaoni").

Upungufu huu hudhihirika mara mfasiri anapotaka kueleza jinsi simu za mkononi za mwanzo zilivyoifikia intaneti. Na tutwae mfano wa Nokia 7110, iliyotangazwa mwaka 1999, ambayo ilitumia kanuni za WAP. Kioo chake kilikuwa na nukta 96 kwa 65 tu, wala haikuweza kuzisoma kurasa za kawaida za wavuti. Ilipiga simu ya data, kwa kasi ya biti 9,600 hivi kwa sekunde, na aghalabu mwenye simu alilipa kwa dakika kana kwamba anazungumza. Ombi lake halikufika kwenye intaneti moja kwa moja, bali lilipokewa kwanza na kompyuta ya katikati, ambayo twaiita "lango". Lango ndilo lililoutafuta ukurasa, ulioandikwa kwa lugha ya WML, likaugeuza uwe na alama chache zaidi, kisha likaupeleka kwenye simu.

Sasa na tuyaandike hayo kwa istilahi iliyozoeleka: "Mtandao uliiunganisha simu na mtandao kupitia lango la mtandao." Sarufi haina kosa, lakini mwanafunzi hapati kitu. Kiini cha maelezo ni kwamba palikuwa na mitandao miwili, na lango kati yake; neno likiwa moja, lango halina linachokitenga.

Huenda tukajibiwa kwamba hayo yamepita, kwani huduma ya GPRS, iliyoanza mwaka 2000, iliwezesha malipo kwa wingi wa data badala ya dakika, na simu za leo husoma kurasa za wavuti bila lango hilo. Ni kweli. Hata hivyo, tofauti ya dhana haikufa pamoja na WAP. Nchini Tanzania, raia abonyezaye *152*00# apate huduma za Serikali anatumia mtandao wa simu, wala hahitaji intaneti. Tangazo likisema tu kwamba huduma "inapatikana mtandaoni", mwenye simu ndogo aweza kudhani haimhusu, akafunga safari hadi wilayani kwa jambo ambalo angalilimaliza nyumbani. Hapo kosa la istilahi hulipwa kwa nauli ya mwananchi.

Kwa hiyo twapendekeza haya katika maandishi rasmi. Kwanza, pasemwe "mtandao wa simu" pale unapokusudiwa huo. Pili, intaneti iitwe "intaneti". Neno hili limekwisha kutoholewa na laeleweka. Tatu, kampuni iitwe kampuni. Nne, "mtandaoni" lisiachwe peke yake katika tangazo, bali ielezwe njia: kwa tovuti, au kwa kubonyeza namba fulani.

Watakaosema kwamba huko ni kurefusha maneno, twawajibu kuwa ufupi unaomwacha msomaji njia panda hauna faida. Mazungumzo ya barazani yana uhuru wake, nasi hatukusudii kuyaingilia. Lakini mwalimu aandikaye somo, na mtumishi aandikaye tangazo, hawana budi kujiuliza kila wanapolitumia neno hili: mtandao upi?