Kumchora Mtu Aliye Mbele Yako

Mikao ambayo vitabu vya uchoraji huihangaikia kurasa nyingi, hapa kijijini Bodo, pwani ya Kwale, mchoraji huipata kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyeombwa kupanda juu ya meza. Yupo anayesukuma mtumbwi kwa pondo kuelekea kisiwa cha Funzi, mwili mzima umeegemea mti mmoja. Yupo fundi aliyechuchumaa chini ya ubavu wa dau akikalafati, shingo imepinda, kiwiko kimepanda juu ya sikio. Uani, mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi: mgongo umejikunja, magoti yamepanuka, mikono miwili imeshika kifuu kimoja, na mabega yanapanda na kushuka kwa zamu. Huo wa mwisho naupenda kuliko yote, na ndio ninaomwanzishia kila kijana anayetaka kujifunza kuchora mtu.

Naanza nao kwa sababu hauna njia ya mkato. Ukikaa mbele ya mwenye kukuna nazi, mapaja yake yanakuja moja kwa moja kwako, na kwa jicho ni mafupi, pengine hayazidi urefu wa kiganja. Mwanafunzi huyachora marefu. Anajua paja ni refu, basi analirefusha, na mama wa watu anaonekana ameketi hewani. Jicho limemwambia fupi, akili imemwambia refu, na mkono umeitii akili. Mafunzo yote ya kuchora kutoka kwa mtu aliye hai yamo humo: kuuzoeza mkono utii jicho. Kunyoosha mkono na penseli, kufumba jicho moja na kupima husaidia. Mtu mzima aliyesimama hutimia vichwa saba, au saba na nusu, na hesabu hiyo inafaa kujulikana. Lakini akishakaa kwenye mbuzi hesabu inavunjika, na mwanafunzi hubaki na macho yake tu. Hapo ndipo ninapotaka afike.

Kwa aliyesimama tunatumia timazi. Kamba na jiwe dogo vinatosha. Mtu akilaza uzito kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo hushuka, na ukiishusha timazi kutoka kwenye kishimo cha koo itaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba mwili. Mchoro usiofuata hilo unaanguka, hata kama uso umepatikana vizuri kiasi gani. Vijana waliowahi kubeba mawe kwa waashi hulielewa jambo hili kwa haraka sana, kwa kuwa miili yao inalijua tayari.

Mwalimu mmoja wa New York, Kimon Nicolaïdes, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1941, baada ya kifo chake, na walimu wa uchoraji wangali wanakitumia. Aliwataka wanafunzi wachore kwa dakika moja au chini ya hapo, mkono usisimame, wakitafuta kile mwili unachofanya kabla ya kutafuta unavyofanana. Kwao hilo lilikuwa zoezi. Huku kwetu ni lazima, maana maji yakianza kupwa hakuna mvuvi atakayekungoja umalize kivuli cha pua. Ila kazi ya mikono ina ukarimu wake: hurudia. Mwenye tezo huinua, huangusha, huinua tena, na kila mara hupita pale pale. Basi mwanafunzi hutandaza karatasi tatu au nne, moja ya tezo likiwa juu, moja likiwa njiani, moja likiwa limegusa mbao, akihama kutoka karatasi hadi karatasi kadiri mwili unavyorudi. Saa moja ya namna hiyo humfundisha mengi kuliko wiki nzima ya kunakili picha za simu. Picha ya simu imekwisha kuamua kila kitu kwa niaba yake. Haipumui, haihamishi uzito, na huioni ikichoka.

Huniuliza watu, hasa waliosomea sanaa mjini, kama inawezekana kuufundisha mwili wa binadamu mahali ambapo hakuna atakayevua nguo, wala hakuna atakayemwomba mwenzake avue. Nawajibu kwa kuwarudisha London. Chuo cha kifalme cha sanaa, Royal Academy, kilianzishwa mwaka 1768, na miongoni mwa waasisi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipowachora waasisi hao wakiwa katika chumba cha kuchorea watu, wawili hao hakuwaweka chumbani. Aliwatundika ukutani kama picha, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuwapo penye mwanamume aliye uchi. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walisubiri hadi mwaka 1893 kupata ruhusa ya kumchora mwanamume, naye akiwa amejisitiri. Kila mji una stara yake, na uchoraji umekua ndani ya stara hizo.

Nami naamini kitambaa ni mwalimu mzuri. Mkunjo hauanzi popote upendapo. Unaanzia pale kitambaa kinapovutwa: begani, gotini, kwenye fundo la kiunoni. Kanga iliyotanda kati ya magoti mawili inakuonyesha magoti hayo yako wapi na yametengana kiasi gani. Anayeweza kuisoma kanga iliyolowa baada ya akina mama kutoka kutanda samaki baharini, kwa heshima na kwa jicho la kazi, anajua mifupa ilipo. Wapo pia wanaoona kuchora kiumbe chenye roho hakufai. Mwenye kuamini hivyo haombwi mara ya pili, na wanafunzi wangu wanajua kumuaga kwa adabu na kuondoka.

Historia ya somo hili Afrika Mashariki ina jambo linaloniuma. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa amesomea shule ya Slade huko London chini ya Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyegeuka mwalimu wa kuchora mwili, mkali na makini. Lakini alipofika Uganda alipendelea kuwasimulia wanafunzi kisa, kisha wachore walichokiona moyoni, akihofia kwamba mafunzo ya Ulaya yangeharibu kipaji chao. Nia yake ilikuwa njema, na matunda yapo: Sam Ntiro wa Kilimanjaro alitoka mikononi mwake, na Elimo Njau, aliyechora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, alisoma hapo hapo. Hata hivyo nasema wazi kwamba alikosea. Kumtazama mtu kwa uvumilivu si mali ya Ulaya. Aliyepewa ufunguo huo na walimu wake hakupaswa kuamua kwamba wengine hawauhitaji. Ntiro mwenyewe baadaye alikwenda Slade. Vivyo hivyo Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, alipitia Slade na shule za Royal Academy, na leo watu waliojaa katika picha zake, alizozichora juu ya gome la mti kutoka Uganda, wana miili yenye uzito unaouamini. Kijana wa Kwale asilazimike kusafiri hadi London ili kufundishwa kumwona shangazi yake.

Lipo pia onyo kutoka upande wa pili. Serikali ya kikoloni ilimwajiri Joy Adamson kuwachora watu wa makabila ya Kenya, na mamia ya picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Mkono wake ulikuwa hodari, na mapambo na mavazi aliyoyarekodi yangepotea bila yeye. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa kuchora mfano wa kabila, na mtu akishafanywa mfano huacha kuwa fulani. Hilo nalikataza kabisa. Hatumchori Mdigo wala mvuvi; tunamchora huyu aliyekaa hapa, ambaye bega lake la kulia limeshuka kwa miaka ya kubeba kasia.

Kwa hiyo kabla ya mkaa kuna salamu. Mwanafunzi anaamkia, anaomba, na anangoja jibu. "Mama, naomba nikuchore ukiendelea na kazi yako." "Nichore, mwanangu, lakini nazi hainisubiri." Akimaliza anamwonyesha, hata kama mchoro ni mbaya, na aliyechorwa ana haki ya kucheka, kusahihisha na kuuchukua. Akiombwa kukaa bila kutikisika, analipwa kama kibarua mwingine yeyote, kwa sababu dakika ishirini za kutotikisika ni kazi: mguu hufa ganzi, mgongo huwaka. Mwalimu asiyewahi kukaa mwenyewe akachorwa na wanafunzi wake hajui anachokiomba.

Vifaa ni vichache. Vijiti laini vikifungiwa ndani ya mkebe na kuchomwa hadi moshi ukome hutoa mkaa mzuri wa kuchorea. Makaa ya vifuu ni magumu mno, hukwaruza. Karatasi ya kahawia ya dukani inatosha. Mwangaza bora ni wa asubuhi, jua likija kwa upande, kwa kuwa la mchana hufuta vivuli vyote vinavyoeleza umbo.

Ufukweni Diani zinauzwa picha nyingi za watu warefu wenye mashuka mekundu, bila macho wala nyayo, zilizochorwa na vijana ambao jirani zao ni wavuvi na wakwezi wa minazi. Siwalaumu, mgeni ndiye mnunuzi. Lakini mikono hiyo hiyo ingeweza kutuachia wazee wetu walivyokaa, walivyoinama na walivyocheka. Wazazi wa Bodo, Funzi na Msambweni, mtoto akiomba daftari lisilo na mistari, mnunulieni. Na akija kuwaomba mkae kidogo awachore, kaeni.