Mpiga Solo na Gitaa Lisilo Lake

Neno "jazz" katika majina ya bendi zetu limewapoteza wengi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga: mtu aliyezoea santuri za Wes Montgomery wa Marekani atautafuta muziki wa namna ile humo, wala hataupata. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, zama ambazo neno hilo lilimaanisha tu muziki wa kucheza dansi kwa vyombo vya kizungu. Baadaye zikaja santuri za Kuba, yakaja magitaa ya Kongo kwa njia ya redio, na kufikia miaka ya 1960 gitaa la umeme lilikuwa limeshika usukani. Jina lilibaki lilivyokuwa.

Nasema juu ya magitaa kwa sababu sisi walimu tuna kasoro ya kazi. Tangu chuo cha ualimu tumezoea kuchambua maneno. Mpe mwalimu wa Kiswahili wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, atakueleza dhamira, mafumbo na mawaidha yake, halafu gitaa likianza kuzungumza peke yake atainuka kwenda kutafuta chai. Nataka safari hii tubaki tumekaa.

Kwanza tumtaje mtu wa kwetu. Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927, baba yake Mzungu na mama yake Mchagga, na katika miaka ya 1950 alirekodi santuri pamoja na dada zake, yeye akipiga gitaa kavu. Ukisikiliza santuri hizo utaona gitaa ni moja tu, nalo linabeba kila kitu: kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinacheza juu, na sauti za akina dada zinapita katikati bila kusukumwa. Ni muziki wa sebuleni, msafi, wenye ucheshi. Mtu mmoja na chombo chake. Humplick alifariki mwaka 2007, na hapa Kirua Vunjo vijana wengi hawajui kwamba mlima huu uliwahi kutoa mpiga gitaa aliyesikika Afrika Mashariki nzima.

Bendi za dansi zilifuata njia nyingine kabisa. Kile alichokifanya Humplick kwa vidole vya mkono mmoja wakagawiwa watu wanne: solo, solo la pili, rithimu na besi. Hakuna hata mmoja wao anayepiga wimbo mzima. Mtu wa rithimu anarudia kipande kile kile dakika saba bila kuchoka, solo la pili linajibu mahali ambapo solo la kwanza limenyamaza, na wimbo unapofika kwenye chemko, waimbaji wameshamaliza yao, utashindwa kutenganisha nani anapiga nini. Sisi tuliolelewa kwenye mifereji tunaelewa jambo hili: maji ya mfongo si ya mtu, ila kila mmoja ana zamu yake, na akiikosa, shamba la mwenzake ndilo linalokauka.

Ila mgawanyo huo ulikuwa na upande wa pili, nao ndio unaonishughulisha. Gitaa lenyewe halikuwa la mpigaji. Katika bendi za zamani vyombo vilikuwa mali ya klabu, yaani wanachama. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Bendi hiyo ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Jeshi, polisi na mashirika ya umma nao wakawa na bendi zao. Tusiudharau mpango huo. Montgomery, gwiji wa dunia nzima, kwa miaka kadhaa alifanya kazi kiwandani mchana kule Indianapolis na kupiga gitaa usiku, wakati mpiga gitaa wa NUTA alilipwa kwa kupiga gitaa. Lakini siku alipoondoka, aliondoka mikono mitupu. Gitaa lilibaki ofisini likimngoja mwingine.

Naamini hali hiyo iliingia hata ndani ya muziki wenyewe. Kwetu mtindo ni wa bendi, si wa mtu. Msondo ni wa NUTA, Sikinde ni ya Mlimani Park, na anayehama lazima ajifunze mtindo wa alikohamia. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Mwaka 1985 Muhidin Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, nguzo mbili kubwa, waliihama kwenda Orchestra Safari Sound. Kwa Montgomery, kuondoka kwake kungekuwa mwisho wa muziki ule. Sikinde haikufa. Aliyekuwa amebaki ni Michael Enoch, mtu aliyeanza kama mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, akawa mpangaji wa muziki na mpiga saksafoni wa Mlimani Park, ambaye wenzake walimwita Ticha. Kwa kipimo changu yeye ni mkubwa kuliko wapiga solo wengi wanaosifiwa kwa kasi ya vidole, kwa kuwa alijua nani anyamaze na wapi.

Mbaraka ndiye aliyevunja kanuni hiyo, na sababu yake si siri: alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Gitaa lake halipambi maneno, linayamalizia. Anaimba malalamiko mpaka mahali fulani, anaacha, na nyuzi zinasema lile ambalo mtu mzima hawezi kulisema mbele za watu. Hana haraka. Anaweza kurudia kifungu kile kile mara nne na kubadili noti ya mwisho tu, nawe ukaona habari imegeuka. Wapo wanaomwona dhaifu akilinganishwa na Dokta Nico wa Kongo, na kwa ufundi wa vidole sitabishana nao. Alikufa katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34.

Wengine walipoachana na mashirika walikutana na wafanyabiashara. Super Matimila ya Remmy Ongala ilichukua jina la mwenye vyombo! Hata Remmy, ambaye santuri zake zilitolewa Uingereza mwaka 1989 na 1992, alipata umaarufu chini ya jina la mwenye mali.

Nyimbo nyingi za wakati huo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na utepe ukabaki mali ya redio. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mtangazaji alitaja bendi, wimbo, mtunzi, pengine na mwimbaji. Mjukuu wangu anazo nyimbo hizo katika simu yake, zaidi ya mia mbili, na jioni huniwekea za Mlimani Park nikiwa kibarazani. Chemko likifika humwuliza anisomee nani anapiga solo la pili, lile linaloingia kwa chini, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kukaribishwa. Hutazama kioo, akapandisha, akashusha. Jina la bendi lipo. Mwaka upo, mara nyingine. Kisha ananisomea tena jina la bendi.