"Paa": Neno Dogo, Maana Tano, na Jibu la Mtahiniwa

Katika sehemu ya ushairi ya Karatasi ya Tatu kuna swali ambalo halikosekani kwa muda mrefu: eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika shairi. Watahiniwa wengi husoma nusu ya kwanza ya swali na kuipuuza ya pili. Hukimbilia maana wanayoijua, ambayo aghalabu ni sahihi katika kamusi, na alama zikawaponyoka. Ningependa, msomaji, tulichunguze neno moja la herufi tatu ili tuone maana hukaa wapi hasa: katika neno lenyewe au katika yale yanayolizunguka. Neno lenyewe ni paa.

Paa ni mnyama wa porini mwenye mbio, wa jamii ya swala. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, iwe ya makuti, nyasi au mabati. Kupaa ni kwenda juu. Kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Na kupaa moto, matumizi ambayo mwanafunzi aliyelelewa kwenye jiko la gesi huenda asiyajue kabisa, ni kuchukua makaa yenye moto mahali pamoja ili kuwashia pengine. Majina mawili, vitenzi vitatu. Vitabu vyetu vya sarufi huyaita maneno ya aina hii vitawe, na kwa kawaida mwalimu huandika orodha ubaoni, wanafunzi wakainakili, somo likaisha. Orodha hiyo haina ubaya, ila haimfundishi mtu kusoma shairi.

Hebu tutazame ubeti huu. Usiutafute katika diwani yoyote, nimeutunga kwa ajili ya mjadala huu tu:

Paa wangu kakimbia, kaingia msituni,
Paa langu lavujia, mvua yote i nyumbani,
Moto nikiupalia, umezima mafigani,
Bei nazo zimepaa, samaki nipae gani?

Umejuaje kwamba paa wa mshororo wa kwanza si wa mshororo wa pili? Hukufungua kamusi. Ulisoma "wangu" ukajua ni kiumbe, ukasoma "langu" ukajua ni kitu cha ngeli ya LI-YA. Upatanisho wa kisarufi umefanya kazi ambayo wengi hudhani hufanywa na msamiati. Katika mshororo wa tatu, yambwa "moto" ndilo linaloamua, na hata umbo limebadilika likawa palia kwa sababu ya kauli ya kutendea. Ondoa viambishi hivi na utata unarudi mara moja. Sentensi "Fatuma alikuwa akitafuta paa" ina maana mbili kamili, kwa kuwa hakuna kiambishi chochote kinachotuambia kama Fatuma ni mwindaji au ni mtu asiye na pa kulala. Huo ndio utata unaotahiniwa katika Karatasi ya Pili, na mwanafunzi anayejua chanzo chake hahitaji kukariri mifano.

Mshororo wa nne una jambo zaidi, na hapa ndipo uhakiki unapoachana na sarufi. Vitenzi viwili vyenye umbo moja vimewekwa karibu, kimoja cha bei, kingine cha samaki. Kupaa kwa kwanza kumezuia kupaa kwa pili: bei ikipanda, hakuna samaki wa kuondoa magamba. Mzungumzi yuko na kisu mkononi, hana cha kukata. Mtahiniwa akiandika tu kwamba mshairi "ametumia takriri", amesema kweli lakini hajasema kitu. Aeleze takriri hiyo inafanya nini.

Kuna suala jingine dogo ambalo walimu hulibishania. Mwanafunzi akiulizwa atunge sentensi mbili kuonyesha maana mbili za paa, akaandika "Ndege amepaa" na "Bei ya unga imepaa", je, apewe alama zote? Kwa maoni yangu, hapana. Hiyo ni maana moja ya kwenda juu iliyonyooshwa kisitiari, yaani polisemia. Kati ya paa mnyama na paa la nyumba hakuna uzi wowote wa maana, na hiyo ni homonimia. Kuhusu kupaa samaki na kupaa moto, nashawishika kwamba kuna ujamaa wa kukwangua na kuchota baina yake, ingawa sitagombana na anayevitenga.

Sasa tuingie mahali penye hatari. Mwanafunzi akishaonja utamu wa maana nyingi, huanza kuziona kila mahali. Chukua hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870. Maskini Hamdani, anayechakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa huyo anapata almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kulitwaa jumba lake. Mwanafunzi mwerevu atakwambia: paa amempa Hamdani paa, naye Hamdani akapaa! Darasa litashangilia. Jibu linapendeza, lakini halina ushahidi.

Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi. Libadilishe neno kwa kisawe chake, kisha uone kama kazi inaumia. Mwite mnyama yule swala, na hadithi ya Sultani Darai itabaki ilivyo: mnyama atakuwa mgonjwa, bwana wake atakataa kwenda kumwona na kuamuru apewe uji duni wa mtama, mnyama atakufa, na bwana atajikuta tena jaani. Uzito wa hadithi umo katika utovu wa shukrani na katika mzunguko ule wa kutoka jaani na kurejea jaani. Hayo ndiyo ya kuandikia insha. Lakini katika ubeti wetu, badala ya "zimepaa" weka "zimepanda", na mshororo unakufa papo hapo.

Tumia kipimo hicho hicho kwa tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo, ambayo watahiniwa wa KCSE waliisoma kwa miaka kadhaa. Kigogo ni kiongozi mwenye mamlaka makubwa, na pia ni gogo dogo, kipande cha mti. Je, maana hii ya pili imo katika kazi au imo katika kamusi tu? Tamthilia inafunguka karakanani, miongoni mwa wachongaji. Wanaoishi chini ya utawala wa Majoka wanashika mti na kuamua utatoka umbo la nani. Ukiubadilisha mwanya huo, ukauita mchezo Kiongozi au Mtawala, uhusiano kati ya anwani na karakana unakatika. Kwa hiyo hapa maana mbili zina ushahidi, na mtahiniwa anayezitaja ana haki ya alama zake.

Unaposahihisha swali la anwani, mwalimu, usimtunuku aliyeorodhesha maana zote za neno kuliko aliyetaja mbili na kuonyesha onyesho linalozibeba. Nawe mtahiniwa, kabla hujaandika "neno hili lina maana nyingi", weka kidole kwenye mshororo au tukio linaloilazimisha kila maana unayoitaja. Usipolipata, andika maana moja tu, kisha uendelee na swali linalofuata.