Neno "Kuchukia" katika Luka 14:26

Katika Luka 14:26 Yesu amtaka mfuasi wake awachukie baba na mama, mke na watoto, hata nafsi yake. Anayeishika aya hii peke yake aweza kuwatupa wazazi wake uzeeni, akadhani ametii.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo alichokikamilisha mwaka 426, aliagiza mahali penye giza pafasiriwe kwa mahali palipo wazi. Basi tulinganishe. Mathayo 10:37 haitaji chuki. Yasema juu ya kumpenda mzazi kuliko Yesu. Mwanzo 29:30 yasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Aya ifuatayo, katika Kiebrania, yamwita Lea "aliyechukiwa". Kuchukiwa huko ni kupendwa nyuma ya mwingine, jambo ambalo aliyelelewa katika nyumba ya ukewenza hahitaji kuelezwa. Tena katika Marko 7 Yesu mwenyewe awakemea wanaowanyima wazazi haki yao kwa kisingizio cha kuweka mali wakfu.

Hata hivyo sikubaliani na wafasiri wanaofika hapa wakafunga kitabu. Kulinganisha si kulainisha. Luka hakuandika kama Mathayo. Aya inayofuata yataja msalaba, kisha yaja habari ya mjenzi wa mnara asiyehesabu gharama. Mwalimu anayelifuta neno "kuchukia" na kuweka "kupenda kidogo" ameokoa maana, lakini ameondoa uchungu wake. Neno na libaki, na Mwanzo 29 isomwe kando yake.